Datsun 240Z ya 1972: nibadili giaboksi tu au nitupie injini ya 1JZ ya Toyota kabisa?

Kijana_Igoma
Wakuu habari za jioni. Nimeachiwa 240Z na marehemu mjomba, imekaa bandani hapa Igoma miaka na miaka mpaka kuku wakawa wanatagia kwenye buti. Inawaka ila inatoa moshi wa bluu, na giaboksi ni ya gia nne, yani nikishika lami ya kwenda Magu nikagonga 100 injini inalia kama inaonewa. Kadi inasema injini ni L24. Fundi mmoja kaniambia toa vyote weka 1JZ ya Toyota Mark II Grande, mwingine kasema nikifanya hivyo nimeua gari. Hela yenyewe ya kuungaunga.

Boksi_Tano
Anza na boksi mkuu. Tafuta ya gia tano ya Z za baadae, 280Z au 280ZX, inakaa palepale. Gia ya nne ya boksi yako ni moja kwa moja, haipunguzi kitu, sasa ile ya tano ndo inayoshusha mzunguko wa injini. Halafu sikia hili limenitesa: kola ya beringi ya klachi inafuata presha pleti (sahani inayobana klachi), haifuati boksi. Mi nilichanganya, nikafunga kila kitu vizuri, klachi ikagoma kukata, ikabidi boksi lishuke tena chini nimelala kwenye tope.

JZ_Nyakato
Mnamzeesha kijana bure. 1JZ-GE spea zake zipo kila kona, hizo L utazitafuta mpaka Dar

Boksi_Tano
Zipo kaka, ila sema na yanayofuata. Grande nyingi ni otomatiki, kwahiyo atafute boksi la manyuali, achonge mauntingi (vishikio vya injini), sampo (bakuli la oili) igombane na krosimemba (chuma cha kukingama chini ya injini), propela ikatwe, wayaringi na kontroli boksi vyote vihamie. Na huyo kasema hela ya kuungaunga.

Babu_Kirumba
Vijana, hiyo gari ilishinda Safari Rally 1971 na 1973 na injini hiyohiyo ya L24, tena kwa barabara za enzi zile, msiidharau. Akitaka nguvu atafute L28, ni ukoo mmoja, cc 2,753 badala ya 2,393, inakaa kwenye mauntingi zilezile. Zilifungwa hata kwenye Patrol 160 za zamani, ulizia kwenye mayadi ya vyuma chakavu. Ukitoa ya gari lingine hamisha sampo yako ya zamani pamoja na bomba lake la kunyonyea oili. Na kabureta zitengenezwe hapahapa, Mwanza tupo mita 1,100 na kitu juu ya bahari, ukiseti kama upo Dar itakunywa mafuta hiyo. Ila mjukuu wangu, umeisoma namba kwenye bloku au umeamini kadi? Ipo upande wa plagi, nyuma kabisa, chini ya silinda hedi.

Kijana_Igoma
Shikamoo babu. Nimeenda na tochi na brashi ya waya, nimekwangua grisi nusu saa. Imeandikwa L28 😂 mjomba alishabadilisha kimyakimya

Babu_Kirumba
Marahaba. Basi pima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) kabla hujafungua chochote, huo moshi wa bluu huenda ni sili za valvu tu. Na kadi ikarekebishwe TRA, askari wa Usagara wanajua kuinama kusoma namba.

JZ_Nyakato
Mjomba alikuwa mtu mbaya sana 😂 haya tafuta boksi