Mjadala: Je, ni kweli kuwaruhusu Weusi ndiko kulikoua bustani za burudani za zamani Marekani?

Wadau, kuna hoja inayorudi kila historia ya bustani za burudani za mikoani Marekani, zile zenye bembea na mashine za kupanda, inapotajwa: zilikuwa mahali pa heshima, familia zikijaa kila Jumapili, mpaka Weusi, waliokuwa wakikatazwa kuingia, walipofunguliwa mlango miaka ya 1960. Fujo zikaanza, wateja wakakimbia, biashara ikafa. Naipinga kabisa.

Chukueni Gwynn Oak ya Baltimore. Tarehe 4 Julai 1963 waandamanaji waliopinga ubaguzi pale walikamatwa kwa mamia, viongozi wa dini wakiwemo. Tarehe 28 Agosti, siku ileile Martin Luther King alipohutubia Washington, mlango ulifunguliwa, na mtoto mchanga Mweusi, Sharon Langley, akapandishwa farasi wa mbao wa bembea ya kuzunguka, baba yake akimshikilia. Bustani iliendelea miaka mingine tisa. Iliyoimaliza ni mafuriko ya kimbunga Agnes, 1972.

Glen Echo, Maryland, ndiyo inayotajwa zaidi. Juni 1960 wanafunzi Weusi waliketi juu ya wanyama wa mbao wa bembea ya kuzunguka, tiketi mkononi, walizopewa na wenzao. Mlinzi, ambaye pia alikuwa na cheo cha naibu sherifu, akawapa dakika tano waondoke. Hawakuteremka. Watano wakakamatwa, na kesi yao ikafika Mahakama Kuu ya Marekani, iliyofuta hukumu mwaka 1964. Bustani yenyewe ilikuwa imeshafunguliwa kwa wote tangu 1961.

Kweli, Pasaka ya 1966 kulitokea vurugu pale Glen Echo. Lakini mabasi ya kuwarudisha vijana Weusi mjini Washington yalisitishwa, wengi wakaachwa watembee. Huo ni uamuzi wa watu wazima, na lawama zote wakabebeshwa watoto.

Tena bustani hizi nyingi zilizaliwa na kampuni za tramu, yaani mabehewa ya abiria yanayopita kwenye reli za barabarani, zilizozijenga mwisho wa njia ili mabehewa yasiende matupu wikiendi. Tramu ya Glen Echo ilisimama Januari 1960, kabla Mweusi yeyote hajauziwa tiketi pale. Abiria walikuwa wameshahamia kwenye magari yao, na ardhi iliyokuwa nje ya mji sasa ilitamaniwa na wajenzi wa nyumba.

Mwaka 1961 mfanyabiashara Angus Wynne akafungua bustani ya mtindo mpya, Six Flags Over Texas, kule Arlington, kando ya barabara kuu kati ya Dallas na Fort Worth: uzio, maegesho makubwa, kiingilio kimoja langoni. Wengi huusifu mtindo huo kwamba uliokoa burudani ya familia. Mimi nauliza, familia zipi? Arlington kwa miongo mingi ulijulikana kuwa mji mkubwa usio na mabasi ya umma. Asiye na gari hakuhitaji kibao cha kumkataza.

Anayenipinga ana mfano mmoja mzito: Fontaine Ferry ya Louisville, iliyoruhusu Weusi 1964 na kufungwa 1969 baada ya vurugu. Sitaukwepa. Ila Kennywood, karibu na Pittsburgh, nayo ilizaliwa na tramu mwaka 1898, na hadi leo watoto wa rangi zote wanapanga foleni pale. Kama kuchanganyika ndiko kulikoua, anayeshikilia hoja hiyo atueleze Kennywood ilipona vipi.