Mjadala: Filamu huru za Uingereza zimeshindwa sokoni, au hazijafikishwa sokoni?

Januari 2012 David Cameron, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, alitaka fedha za bahati nasibu ya taifa zinazotengwa kwa ajili ya filamu zielekezwe zaidi kwenye kazi zenye uwezo wa kufanikiwa kibiashara. Hoja hiyo bado ina watetezi wengi, ambao huuliza kwa nini filamu za studio kubwa zivune mamilioni huku zile huru, yaani zinazotengenezwa nje ya studio hizo na kubebwa na fedha za umma, zikiambulia patupu. Naipinga, kwa sababu mapato ya tiketi hupima usambazaji kabla ya kupima ladha ya watazamaji.

Skyfall, filamu ya James Bond ya mwaka huohuo wa 2012, ilikuwa filamu ya kwanza kuvuka pauni milioni 100 katika kumbi za Uingereza, nayo huhesabiwa kuwa filamu ya Uingereza. Lakini waliokuwa nyuma yake ni MGM na Sony, kampuni zenye nguvu ya kufungulia filamu katika mamia ya kumbi kwa siku moja, matangazo yakiwa yamekwisha kutapakaa nchi nzima. Filamu huru hupewa skrini chache, na Jumatatu baada ya wikiendi ya kwanza wenye kumbi hutazama hesabu na kuamua kama itabaki. Filamu inayotegemea sifa za mdomo huondolewa kabla sifa hizo hazijafika mtaa wa pili.

Wapo watakaonikumbusha The King's Speech, filamu huru ya Uingereza iliyogharimu takriban dola milioni 15 na kuingiza zaidi ya dola milioni 400 duniani. Naukubali mfano huo, ila wasisahau kwamba Baraza la Filamu la Uingereza, chombo cha umma kilichogawa fedha za filamu, liliichangia, na kwamba serikali ilitangaza kulivunja baraza hilo Julai 2010, filamu yenyewe ikiwa bado haijaonyeshwa popote.

Mfano unaonishughulisha zaidi ni filamu nyingine ya Uingereza, Slumdog Millionaire. Mwaka 2008 tawi la studio ya Warner lililokuwa liisambaze Marekani lilifungwa, na filamu ikakaribia kutolewa moja kwa moja kwenye DVD, hadi msambazaji mwingine, Fox Searchlight, alipoichukua. Ilitwaa Oscar 8. Hakuna aliyepiga picha upya hata sehemu yake moja. Kilichobadilika ni msambazaji.

Ndiyo maana unafuu wa kodi wa asilimia 53 uliotangazwa mwaka 2024 kwa filamu za bajeti isiyozidi pauni milioni 15, ingawa naupokea kwa furaha, hauniridhishi: unahesabiwa kwa gharama za utengenezaji, si za usambazaji. Lile Baraza la Filamu lililovunjwa lilikuwa limegharamia mitambo ya kidijitali katika skrini takriban 240, kwa sharti kwamba zionyeshe filamu zisizo za mkondo mkuu. Sharti la namna hiyo ndilo ninalotaka lirudishwe, pamoja na fungu la matangazo. Wanaosema watazamaji wameshaamua, naomba waeleze mtazamaji aliikataaje filamu ambayo haikufika mjini kwake.