Wakuu, juzi saa sita mchana kivuli changu kimepotea. Hii ni nini?

Toroli_Buguruni
Habari zenu wakuu. Swali langu linaweza likaonekana la kitoto ila limenikaa kichwani tangu juzi tarehe 10 Oktoba. Mi nauza maji na soda kwenye toroli hapa Buguruni, sina mwamvuli, kwa hiyo huwa nakifuata kivuli cha nguzo ya umeme, asubuhi kiko upande huu mchana kinahamia upande ule, nimeshakizoea. Sasa juzi saa sita na dakika kama kumi hivi nacheki chini, nguzo haina kivuli. Nikajiangalia na mimi, kimebaki kidogo tu chini ya viatu. Nikasimamisha chupa ya maji, hamna kitu. Mama ntilie wa jirani ananiambia eti nikaoge maji ya chumvi. Kuna anayeelewa hili jambo?

Kidume_Tandika
Mtu asiye na kivuli kwetu huwa hatumkopeshi 😂😂 nenda kaoge mkuu

MwalimuWaJiografia
Usioge chochote ndugu yangu. Siku hiyo jua lilikuwa utosini kwako, utosini kabisa, si ile ya kusema tu. Dar ipo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na jua kila mwaka linasafiri kutoka Tropiki ya Kansa kule kaskazini kwenda Tropiki ya Kaprikoni kule kusini na kurudi, kwa hiyo linatupitia mara mbili, mwanzoni mwa Machi tarehe 3 au 4 likielekea kaskazini, na tarehe 10 au 11 Oktoba likirudi kusini. Mtwara wao wanalipata kama tarehe 20 Oktoba, kwa sababu wapo kusini zaidi. Mtu wa London anaweza akazeeka hajawahi kuona kitu ulichokiona wewe kwenye toroli.

Na kivuli hikihiki ndicho alichokitumia Eratosthenes, Mgiriki aliyekuwa anatunza maktaba ya Alexandria kule Misri, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Alisikia kwamba Syene, siku hizi ni Aswan, kuna siku moja jua linamulika mpaka chini ya kisima. Siku hiyohiyo Alexandria kivuli kipo, akapima akapata nyuzi 7 na kidogo, ambayo ni sehemu moja ya 50 ya duara. Basi akachukua umbali wa miji hiyo miwili akazidisha mara 50, kapata mzunguko wa dunia! Kwa kijiti tu.

bi_mdogo_Tabata
Asante mwalimu, ila mbona saa sita na dakika kumi na si saa sita kamili? Na kama jua liko utosini mbona joto la Oktoba lina afadhali, shughuli yenyewe ni Januari na Februari huko, usiku hulali

MwalimuWaJiografia
Dada umeuliza vizuri. Saa zetu zinafuata mstari wa longitudo 45, ambao unapita karibu na Mogadishu, sisi tupo magharibi ya hapo kwa hiyo jua linatufikia kama dakika 23 baadaye. Ila mwendo wa jua nao haulingani na saa ya ukutani mwaka mzima, Oktoba linawahi kama dakika 13, ukitoa unabaki na zile kumi za jamaa. Joto ni habari nyingine, bahari inachelewa kupata moto, kama sufuria kubwa jikoni, na ikishapata haipoi haraka.

AbuuTemeke
Niongezee hapo. Makka nayo jua linakaa juu ya Kaaba mara mbili kwa mwaka, karibu tarehe 28 Mei saa 6:18 mchana na tarehe 16 Julai saa 6:27, na saa yao na yetu ni moja. Dakika hiyo popote unapoliona jua ukilielekea umeelekea Kibla. Huku kwetu kivuli cha fimbo kinalala kusini, basi Kibla ni kinyume chake, kaskazini karibu nyooka. Msikiti wa mtaani kwetu wazee waliuhakiki hivyohivyo.

Fundi_wa_Sola
Hapohapo ndo watu wanapigwa. Wanaangalia video za Wazungu wanaambiwa paneli itazame kusini, kule sawa, jua lao liko kusini mwaka mzima. Sisi Dar kuanzia Machi mpaka Oktoba saa sita jua liko kaskazini, miezi kama saba, kwa hiyo laza paneli kidogo kuelekea kaskazini, nyuzi kumi hivi, ili na mvua ioshe vumbi.

Toroli_Buguruni
Duh, na mi bandani kwangu nimefunga ya taa inatazama kusini 😩 Nibomoe?

Fundi_wa_Sola
Kama mlalo ni mdogo hasara si kubwa, iache. Ukija kubadilisha bati ndo ugeuze.

Toroli_Buguruni
Poa fundi. Mwalimu, mdogo wangu yuko Mtwara, Machi tukipima wote kwa wakati mmoja tunaweza kuupata mzunguko wa dunia kama yule Mgiriki?

MwalimuWaJiografia
Mnaweza. Wewe hutakuwa na kivuli, yeye kijiti cha mita moja kitampa kama sentimita 6. Asimamishe wima kwa timazi, na muombe mawingu yasiwahi.

Kidume_Tandika
Na mimi nakuja kushuhudia, soda ya nani?