Mjadala: Ndege ndogo ya kuvuka nyanda za juu, yenye turbo au isiyo na turbo?

Mtoa hoja

Sisi ni kikundi cha marubani binafsi tunaorukia Wilson, Nairobi, na tumekubaliana kuchanga fedha ili tununue Cessna 206 iliyokwishatumika, ya toleo lililoanza kutoka kiwandani mwaka 1998. Kuhusu ukubwa wa ndege hatukubishana, lakini tulipofika kwenye injini tukagawanyika. Baadhi yetu wanataka T206H, yenye injini ya Lycoming TIO-540 ya nguvu za farasi 310 inayosukumiwa hewa na turbo. Wengine wanataka 206H ya kawaida, yenye IO-540 ya nguvu za farasi 300. Safari zetu nyingi ni za Nanyuki, Eldoret na Mara, pamoja na viwanja vya mashambani vya Laikipia ambavyo ni vifupi na vya udongo.

Wapo pia waliolipanua jambo hili wakasema kwamba ndege yoyote ya injini ya pistoni inayobeba abiria wa kulipa kuvuka nyanda za juu za Kenya ingepaswa kulazimishwa na sheria iwe na turbo. Nauweka wazi mjadala huu, na ninaomba asiyekubaliana na mwenzake amjibu kwa hesabu.

Rubani wa Uasin Gishu

Hesabu ninayo, na ndiyo iliyonifanya niwe upande wa turbo. Uwanja wa Eldoret uko takriban futi 6,900 juu ya usawa wa bahari. Kwa kipimo cha kawaida cha angahewa, joto la mwinuko huo lingekuwa nyuzi 1 hivi, lakini saa nane mchana wa Februari mara nyingi tunakuta nyuzi 25. Kila nyuzi moja ya ziada huiongezea ndege mwinuko wa bandia wa futi kama 120, kwa hiyo injini yako inavuta hewa ya futi 9,800 ilhali magurudumu bado yako chini. Katika hewa hiyo, injini isiyo na turbo ya nguvu za farasi 300 inakupa takriban 210. Zilizobaki hazipo, hata usukume mkono wa mafuta hadi mwisho.

Turbo hutumia moshi uliokwisha kufanya kazi, ambao vinginevyo ungetupwa nje, kuzungusha gurudumu linalokandamiza hewa kabla haijaingia kwenye silinda. Kwa sababu hiyo T206H inakupa nguvu zake zote 310 Eldoret kama inavyozitoa Malindi, na inaendelea kuzitoa mbali juu ya vilele vya Aberdare.

Tuiangalie Aberdare yenyewe. Kilele cha Ol Donyo Lesatima kina mita 4,001, yaani futi 13,100 na kidogo. Ukomo wa kupanda wa 206H ikiwa na uzito kamili ni kati ya futi 15,000 na 16,000, tena kwa hewa ya kipimo cha kawaida, na ukomo huo maana yake ni kwamba ndege imebakiwa na uwezo wa kupanda futi 100 tu kwa dakika. Juu ya milima yetu hewa huwa na joto kuliko kipimo, kiasi kwamba futi 13,000 za ramani huweza kuwa karibu na 15,000 kwa injini. Rubani aliye hapo hana akiba. Upepo wa mashariki ukivuka mgongo wa mlima na kumwagikia upande wa pili, mkondo wa hewa unaoshuka futi 500 kwa dakika unatosha kumteremsha, naye hana cha kuupinga. Ndiyo maana nasema, kwa wanaobeba abiria, sheria ingekuwa jambo la busara.

Mkufunzi

Kapteni, hesabu yako ya injini ni sahihi na siigusi. Ninachokupinga ni kwamba umeifanya injini kuwa ndege nzima. Turbo inairudishia injini hewa, mabawa hairudishii. Katika hewa ya futi 9,800, ili kipimo cha mwendo kikuonyeshe noti 60 (maili 60 za baharini kwa saa) zile zile za kunyanyuka, ndege inapaswa kukimbia juu ya ardhi kwa kasi iliyozidi kwa karibu asilimia 16, na kwa kuwa umbali wa kukimbia hukua kwa mraba wa kasi, hata mwenye nguvu zote 310 atatumia zaidi ya theluthi moja ya nyongeza kulinganisha na pwani. Na kutua je? Katika kutua turbo haina mchango wowote. Nimewaona wanaonyanyuka vizuri sana kutoka kiwanja kifupi ambacho baadaye kiliwashinda kurudi, kwa sababu waliipima ndege kwa injini yake peke yake.

Jambo la pili ni kugeuka, nalo naliona kubwa kuliko yote katika bonde la milima. Ndege inayogeuka kwa noti 80 usawa wa bahari, bawa likiwa limelala nyuzi 30, inahitaji bonde lenye upana wa karibu mita 600. Ipeleke futi 10,000, kipimo kikisoma noti 80 zile zile, upana huo unazidi mita 800. Mwenye turbo hajasamehewa hata mita moja. Tena yeye ndiye anayeingia bondeni akiwa na kasi zaidi, kwa vile injini yake haikumpa ishara yoyote kwamba hewa imekuwa nyembamba. Asiye na turbo ameshahisi uvivu wa ndege tangu Kinangop na ameshaanza kufikiria njia nyingine.

Kuhusu sheria, naomba tukumbuke yaliyotokea. Julai 2003 ndege ya kukodi aina ya Fairchild Metro iliyotoka Wilson kwenda Samburu iligonga Mlima Kenya karibu na Point Lenana, wakafa watu 14. Juni 2018 Cessna Caravan iliyotoka Kitale kuja Nairobi iligonga safu ya Aberdare, wakafa watu 10. Zote mbili zilikuwa za injini za tabo (turbine, si pistoni yenye turbo), ambazo haziishiwi pumzi kwa miinuko ile kama inavyoishiwa injini ya pistoni. Sheria inayodai nguvu isingezigusa. Kama tunataka sheria, iwe ya mwinuko wa chini kabisa wa kuvukia na ya kurudi mawingu yanapofunika vilele.

Rubani wa Uasin Gishu

Mkufunzi, ajali hizo mbili nazikubali kama onyo, lakini hazijibu hoja yangu. Kwamba nguvu haikuwaokoa wao haina maana kwamba ukosefu wa nguvu ni salama. Kuhusu mabawa, umesema kweli, ila nyongeza ya theluthi kwa mwenye nguvu kamili si sawa na nyongeza ya yule aliyepoteza mabawa na injini kwa pamoja. Huyo wa pili hukimbia mbali zaidi, kisha akishanyanyuka hapandi. Huwa anapita juu ya miti akiitazama. Eldoret barabara ya kurukia ina kilomita tatu na nusu, hakuna anayeshindwa kunyanyuka pale. Taabu iko kwenye viwanja vya mashamba ya Laikipia, ambako mwisho wa kiwanja ni kichuguu na baada ya kichuguu ni kilima.

Fundi

Mimi natengeneza injini hizi, na ninaona mnazungumza kana kwamba turbo ni kifaa kinachoongezwa kisha kinasahauliwa. Gurudumu lake linazunguka makumi ya maelfu ya mizunguko kwa dakika ndani ya moshi wa moto mkali, na beringi zake zinategemea oili ile ile ya injini. Rubani anayetua akiwa na haraka, akazima papo hapo mbele ya abiria ili aonekane hodari, anaiacha oili iungue ndani ya beringi mpaka iwe makaa. Mimi ndiye ninayekuja kuyakwangua. Injini inapaswa kuachwa ikinguruma polepole dakika chache ndipo izimwe.

Halafu kuna vibano vinavyounganisha turbo na bomba la moshi, vile vya umbo la V. Kikipasuka kimoja, moshi wa moto unatoka moja kwa moja karibu na ukuta unaoitenga injini na watu. Mwaka 2023 mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ilitoa agizo kuhusu vibano hivyo na kuviwekea ukomo wa saa 500 za kuruka kwa vile vilivyochomelewa kwa vipande. Mnaponunua ndege iliyotumika, kabla ya kuangalia rangi na viti, ombeni kitabu cha injini mwone kibano kiliwekwa lini na nani aliyetia saini.

Nina jambo moja la kumwambia anayedhani turbo ikifa ndege inakuwa tu ya kawaida. Ikifa mkiwa futi 13,000, hewa inayoingia inapungua ghafla huku mafuta yakiendelea kumiminika kwa kipimo cha hewa nyingi, na injini inaweza kuzama kwenye mafuta ikazimika mpaka rubani ayapunguze. Rubani aliyezoeshwa hufanya hivyo kwa utulivu. Ambaye hakuzoeshwa ana mlima mbele na ukimya masikioni.

Kwa upande wa pili, sisemi injini ya kawaida haina mitego. Wanaotoka Malindi au Mombasa wakaja Wilson, ambako pako takriban futi 5,500, hunyanyuka wakiwa wameacha mchanganyiko wa mafuta mzito kama walivyouzoea pwani, na hivyo wanajinyima nguvu hata ile kidogo iliyobaki. Kwa 206H, mafuta yapunguzwe kwa kufuata kipimo cha kitabu kabla ya kuachia breki. Ni kazi ya sekunde chache, nami naona inasahauliwa sana.

Mweka hazina wa kikundi

Naongeza la oksijeni tu, kwa sababu linagusa mfuko wetu. Kanuni zinazofuata viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, zinataka oksijeni kwa rubani anayekaa zaidi ya dakika 30 kati ya futi 10,000 na 13,000, na kwa kila aliyemo akizidi 13,000. Tukinunua turbo kisha tusinunue mitungi, tutakuwa tumelipia mwinuko tusioruhusiwa kuutumia.

Mkufunzi

Swali langu kwa mtoa hoja, ambalo lingepaswa kutangulia: ni mara ngapi hasa mnavuka juu ya Aberdare? Anayekwenda Mara kutoka Wilson ana vilima vya Ngong mbele yake, kisha Bonde la Ufa linafunguka. Anayekwenda Nanyuki hupita mashariki ya safu, katikati yake na Mlima Kenya, hapandi juu ya kilele chochote. Na wa Eldoret akivukia upande wa Limuru anakuta ukingo wa Bonde la Ufa ulio chini ya Lesatima kwa maelfu ya futi. Mkiondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, joto liko chini, mawingu hayajapanda na upepo haujaamka. Kwa safari hizo naona 206H inatosha, mradi mkubali kuacha abiria mmoja au mzigo nyuma. Kukubali huko ndiko kugumu, maana shemeji akishafika uwanjani na begi lake hakuna anayependa kumwambia arudi.

Mtoa hoja

Mkufunzi, juu ya Aberdare yenyewe ni mara chache, nakiri. Viwanja vya Laikipia ndivyo vinavyotupeleka kila mwezi, na mara nyingi tunaondoka huko baada ya chakula cha mchana, si alfajiri. Hoja ya sheria naiacha kwa wengine waiendeleze. Kwa ununuzi wetu nimewaandikia wauzaji wa ndege zote mbili watupe jedwali la kunyanyuka na la kutua kwa futi 6,500, nyuzi 28, watu wanne na mafuta ya saa tatu, ili tuzilinganishe zikiwa zimebeba uzito huo huo. Majedwali hayo ni ya lami kavu. Rubani wa Uasin Gishu, wewe uliyezoea viwanja hivyo, je, kwa udongo uliolowa unaongeza kiasi gani juu ya namba ya kitabu?