Amir Timur: anastahili sanamu katikati ya Tashkent?

MLETA MADA
Wakuu, heshima kwenu. Uzbekistan ilipopata uhuru mwaka 1991 ilitafuta baba wa taifa, ikamchukua Amir Timur, jemadari wa kabila la Barlas aliyezaliwa karibu na Kesh, aliyekuwa na kilema cha mguu. Mwaka 1993 akasimamishiwa sanamu juu ya farasi jijini Tashkent, pale pale alipokuwa Karl Marx. Chini imeandikwa: "Nguvu imo katika haki."

Haki ipi? Isfahan, mji wa Uajemi, ilisalimu amri mwaka 1387. Raia walipochoshwa na watoza kodi wake wakawaua usiku, na yeye akaagiza kila kikosi kilete idadi yake ya vichwa. Askari waliosita kuua walinunua vichwa kwa wenzao ili wafikishe hesabu, mpaka bei ikaporomoka. Mwandishi mmoja wa zama zile alizunguka nusu ya mji akahesabu minara 28 ya vichwa, kila mnara kama 1,500. Mauaji yake ya Delhi ya 1398 sijayagusa hapa.

Msimamo wangu: akae makumbusho, uwanjani hapana.

MCHANGIAJI WA KWANZA
Mkuu, umesoma upande mmoja. Msikiti wa Bibi Khanym kaujenga nani? Mjukuu wake Ulugh Beg alipima nyota zaidi ya 1,000 pale Samarkand, uliokuwa mji mkuu wa Timur. Mwanahistoria Ibn Khaldun mwenyewe alishushwa kwa kamba ukutani Damascus mwaka 1401 ili aende kuzungumza naye, na akamsifu kwa akili. Genghis Khan ana sanamu kubwa mno Mongolia, mbona hamlalamiki?

MLETA MADA
Nalalamika pia, ila leo mada ni Timur. Ule msikiti umejengwa kwa mikono ya mateka. Alikuwa akiteka mji anawatenga mafundi, hao wanapelekwa Samarkand, wengine shauri yao. Hata Damascus uliyoitaja: baada ya mazungumzo hayo matamu mji uliporwa, Msikiti wa Umawiya ukaungua. Na sifa za Ulugh Beg mpe Ulugh Beg. Babu alipofariki Otrar mwaka 1405, akiwa njiani kwenda kupigana na China, huyo mjukuu alikuwa bado mtoto.

MCHANGIAJI WA PILI
Mnamjadili Timur, ila sanamu ni mradi wa Karimov, rais wa kwanza wa Uzbekistan. Alikuwa bosi wa chama cha kikomunisti, chama kikamfia mkononi, akahitaji jina kubwa la kuegemea haraka. Timur angemwelewa vizuri sana. Hakuwa wa damu ya Genghis, kwa hiyo hakuthubutu kujiita khan, yaani mfalme. Aliweka khan wa jina tu, akaoa binti wa ukoo ule ili aitwe mkwe, akatawala yeye.

MCHANGIAJI WA TATU
Kuna kituko hamjakitaja. Wauzbeki wa Shaybani Khan ndio walioufukuza ukoo wa Timur kutoka Samarkand mwanzoni mwa karne ya 16. Babur, mzao wa Timur wa kizazi cha tano, akaishia kuanzisha dola India. Sasa baba wa taifa vipi, wakati waliobeba jina la taifa ndio waliowatimua wanawe?

MCHANGIAJI WA KWANZA
Ukoo ulitimuliwa, wenyeji walibaki na wakachanganyika na waliokuja. Kaburi lake liko Samarkand, halikuhama na Babur. Kwani nyie mlitaka wamrudishe Marx?