Mrejesho: trekta dogo la kwanza, Kongwa

Wakuu, niliuliza kwa bajeti ndogo nichukue trekta linalovuta kwa tairi zote nne, au linalovuta kwa mbili za nyuma tu, hela inayobaki iende kwenye vifaa. Nimechukua Massey Ferguson 240 lililotumika, la kuvuta kwa tairi mbili. Kwa kichanga chetu linavuta plau ya sahani tatu bila shida. Ndugu zangu wa mpunga kule Bahi msiniige, kwenye mfinyanzi ule tairi nne zina kazi yake.

Nilichokomalia ni shafti ya nyuma ya kuzungushia mashine, mizunguko 540 kwa dakika, na haidroliki nzima (mfumo wa mafuta wa kunyanyulia plau). Aliyenishauri ninyanyue plau, nizime injini, nitazame inashuka kwa kasi gani, Mungu akubariki. Trekta la kwanza nililokagua liliiangusha muuzaji akiwa bado analisifia. Nikaaga.

Shafti ndiyo inayolipa: kulima kukiisha, linapukuchua mahindi ya majirani kabla hayajaenda sokoni Kibaigwa. Hela iliyobaki imenunua tela. Usukani ni mgumu, mabega yanajua hilo.

Sasa natafuta haro ya mtumba, ya kuvunjia mabonge baada ya kulima. Mwenye nayo Dodoma aseme bei.