MJADALA: Programu ipange wauguzi wodini, au tumwachie matroni?

Mleta mada: Wakuu, tuseme hospitali ya mkoa imeletewa mfumo wa mawakala wa programu. Kila wodi ina wakala wake. Mwenye upungufu anatangaza, wengine wanatoa zabuni, na wodi itakayoumia kidogo ndiyo inayotoa muuguzi. Tuukubali?

Fundi Rosta: Wazo la kale hilo, mtafiti wa kompyuta Reid Smith aliliandika 1980. Ila ukiupa mfumo idadi ya vitanda tu, umeharibu. Mgonjwa mmoja wa oksijeni anakula muda wa wanne wanaosubiri ruhusa. Weka uzito wa hali ya mgonjwa, ujuzi wa muuguzi na saa alizokwishafanya. Tena matroni wanatia chumvi, kila wodi hulia pungufu.

Dada Leba: Tunatia chumvi? Haya, piga hesabu kwa WISN, njia ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya kukadiria wafanyakazi kwa wingi wa kazi. Siku 260 za kazi, toa likizo 20, sikukuu 15, ugonjwa na mafunzo 10: zinabaki 215, yaani saa 1,720. Uzazi mmoja ukichukua saa 6, mkunga anamudu 286 kwa mwaka. Uzazi 3,400 unataka wakunga 12. Chumvi iko wapi?

Mzee wa Zamu: Dada, hiyo ni hesabu ya mwaka. Wajawazito hawaji kwa wastani, wanakuja watano usiku mmoja.

Dada Leba: Sijakuuliza wewe. Aliyesema chumvi ajibu.

Fundi Rosta: Najibu. Wakala anayepewa watu kwa kulia, atalia. Wodi iliyoomba watatu ikamtumia mmoja, ombi lake lijalo lipunguzwe uzito. Leba pia.

Mzee wa Zamu: Balaa kubwa ni kuyumbisha watu. Takwimu zinaingia saa 2 asubuhi. Saa 5 daktari anaruhusu tisa, mfumo unamhamisha muuguzi. Saa 8 OPD (wagonjwa wa nje) inalaza kumi, unamrudisha. Kila uhamisho uwe na gharama ndani ya zabuni, na katikati ya zamu asiguswe mtu isipokuwa dharura.

Dada Leba: Na akihamishwa saa 5, ufunguo wa kabati la DDA, yaani dawa zinazodhibitiwa kisheria, anakabidhi kwa nani? Pethidini inahesabiwa kwa sahihi mbili. Wakala wenu anatia sahihi?

Fundi Rosta: Hatii. Makabidhiano yaingizwe kama sharti: bila sahihi ya anayepokea, uhamisho haufungwi.

Dada Leba: Hapo sawa. Lile neno chumvi bado hujalifuta.